Pale Peupe Kwenye Ramani Pana Wenyewe

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesomea mipango miji aliniandikia kuniuliza ajifunze programu gani ya ramani ili aanze kupanga matumizi ya bahari. Swali lake limenikaa moyoni, maana miaka tisa iliyopita ningemtajia programu tatu na kujiona nimemsaidia.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ghuba iliyo mbele ya jiji kubwa lenye bandari. Meli zilisongamana zikisubiri zamu, nasi tukatakiwa kutenga eneo jipya la kutia nanga. Nikakusanya taarifa za mwaka mzima kutoka mitambo inayotangaza mahali meli ilipo, nikazichora. Njia za meli zikatokeza kama mishipa. Upande mmoja pakabaki peupe kabisa. Nikapatia rangi, nikaandika: nanga. Ramani ile ilipendeza, na niliiwasilisha kwa majivuno.

Mkutanoni mvuvi mmoja mzee akaja mbele, akaweka kidole pale pale. "Mwanangu, hapa umewahi kufika usiku?"

Sikuwa nimefika hata mchana. Mtambo ule ni lazima kwa meli kubwa, kuanzia ujazo wa tani 300 kwa zile za safari za kimataifa. Mashua ndogo hailazimiki kuwa nao. Kumbe usiku usio na mwezi pale peupe pangu palijaa taa, wavuvi wakivuta samaki wadogo wanaoifuata nuru. Mkuu wangu, aliyeipitisha ramani ile kwa mkono wake, alitazama chini akaniacha nijibu peke yangu. Ramani kukataliwa nilishasahau. Kule kutazama chini sijasahau.

Basi, mdogo wangu, kwanza panda mashua. Panda usiku, panda maji yakipwa, panda msimu wa upepo mkali. Bahari si kiwanja cha kukata vipande: chini pana nyaya na mabomba, katikati samaki wanapita, juu meli, na mahali pamoja hubadilisha wenyewe kwa saa. Uliza "lini" kabla hujauliza "wapi".

Mwaka 2007 njia ya meli ziingiazo Boston iligeuzwa kidogo kuelekea kaskazini ili zisigonge nyangumi. Waliweza kwa sababu watu walikuwa wamekaa baharini miaka mingi wakiandika kila nyangumi walipomwona. Mstari ulichorwa mwisho, baada ya kuona. Sisi tunauchora kwanza, kisha tunawaita watu "watoe maoni".

Ghuba yangu ya pili nilikwenda na karatasi tupu, nikawapa kalamu wavuvi, manahodha na wapiga mbizi wachore wenyewe. Ilichukua miezi kumi na nne. Mpango ule ulipita, na nauonea fahari mpaka leo.

Panda mashua, narudia. Ukisharudi niandikie, hapo tutazungumza habari za programu.