São Paulo huliwa kwa siku zake

Watu wakisikia nilikaa wiki tatu São Paulo, Brazili, huniuliza siku ngapi zinatosha. Nami huwauliza: unafika siku gani ya wiki? Hudhani nakwepa swali. Sikwepi. Mji ule wenye watu zaidi ya milioni 11 kwa sensa ya 2022 hauna bahari, wala sanamu juu ya kilele kama Rio de Janeiro. Ukienda na orodha ya vivutio kumi utaimaliza kwa siku mbili, kisha ubaki unatazama maghorofa. Ulicho nacho mji ule ni ratiba, na ratiba yenyewe inaanzia tumboni. Kuna mlo wa Jumatatu na mlo wa Jumatano, kuna mtaa ambao leo ni gulio na kesho ni barabara tupu, kuna barabara kuu ambayo Jumapili magari hayaikanyagi. Mimi nililigundua hilo wiki ya pili, ya kwanza nikiwa nimeimaliza kwa kuzunguka na ramani.

Tuanze na chakula cha mchana. Vimgahawa vya mitaani huweka ubao nje wenye mlo wa siku. Jumatatu ni virado à paulista: wali, maharage yaliyopondwa na unga wa muhogo, mboga, yai, ndizi ya kukaanga na chopsi ya nguruwe. Jumanne sehemu nyingi ni utumbo. Jumatano feijoada, Alhamisi tambi, Ijumaa samaki, Jumamosi feijoada tena. Hakuna sheria inayowalazimisha, lakini hebu mwombe mhudumu feijoada siku ya Jumanne uone atakavyokutazama.

Feijoada ni maharage meusi yaliyotokota taratibu na nyama za nguruwe za kila aina, soseji, mbavu, wengine hadi masikio na mkia. Huja na wali, vipande vya chungwa, farofa (unga wa muhogo uliokaangwa kwa mafuta), na mboga iitwayo couve iliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Wasomaji wa Kenya, msihangaike na jina, hiyo ni sukuma wiki.

Sasa, mimi nguruwe sili. Kabla ya safari nilikariri maneno mawili, "sem carne", bila nyama, nikajiona nimemaliza kazi. Siku ya pili nikaagiza wali na maharage sem carne. Mhudumu akaitikia vizuri kabisa. Bakuli likaja, linanukia moshi. Nikakoroga, kikaibuka kipande chekundu cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Nikamwita. Akainama, akakitazama, akanijibu kwa upole wa mtu anayemfundisha mgeni: "Não é carne, é bacon." Si nyama, ni bekoni. Wala hakuwa akinitania. Kwa wengi kule nyama ni ya ng'ombe, na bekoni ni kiungo, kama sisi tunavyotia kitunguu saumu. Basi achana na "sem carne". Sema "não como porco", sili nguruwe, halafu uliza kwa jina: tem bacon? tem linguiça? Yaani kuna bekoni? kuna soseji? Ukitaka kupumzika na maswali, tafuta wauza esfiha (vimkate vya nyama) na kibe (vitonge vya nyama na ngano). Wasiria na Walebanoni walihamia pale zamani, wakaujenga mtaa wa biashara wa Rua 25 de Março, Kariakoo ya kule, na vyakula vyao sasa vinauzwa kila kona kama sambusa kwetu. Kwa wanaotafuta swala ya Ijumaa, upo msikiti wa Mesquita Brasil mtaa wa Cambuci.

Kimbilio langu kubwa lakini lilikuwa migahawa ya kilo. Unachukua sahani, unajipakulia unachokiona kwa macho yako, unaipeleka kwenye mizani, unalipia uzito. Siku ya kwanza nilijaza tikiti maji. Msifanye hivyo. Tikiti ni maji matupu, na maji yana uzito. Bei ya kilo ni ileile kwa tikiti na kwa samaki wa kuoka, kwa hiyo anza na samaki.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia ni comanda. Ukiingia kwenye duka la mikate, padaria, ambalo kule ni hoteli ya chai, mgahawa na kijiwe kwa pamoja, nyingi hukupa kadi mlangoni. Kila unachoagiza kinaandikwa humo, unalipa wakati wa kutoka. Usiipoteze, maana nyingi zimeandika faini yake palepale juu ya kadi. Mimi nilikuwa naiweka chini ya kikombe. Asubuhi agiza pão na chapa, mkate uliopakwa siagi na kubanwa kwenye bamba la moto mpaka ukakauka ukingoni, pamoja na pingado, yaani maziwa ya moto yaliyotiwa kahawa. Utakula umesimama kaunta, bega kwa bega na fundi umeme na wakili.

Lakini ukiniambia nichague kitu kimoja tu, nitachagua feira livre. Hili ni gulio la mtaa, na kila mtaa una siku yake. Alfajiri barabara inafungwa, yanasimama mabanda ya turubai, mchana yanang'olewa na barabara inaoshwa kwa mipira ya maji. Kesho yake gulio liko mtaa mwingine. Ukifika unapolala, kabla hata hujauliza nywila ya intaneti, muulize mwenyeji gulio la pale ni siku gani.

Nilipopitia mara ya kwanza nilijisikia niko nyumbani na ugenini kwa wakati mmoja: mihogo, bamia, mafenesi, nazi. Halafu mabibo, yamepangwa kwenye trei kama mayai, korosho zake zinaning'inia chini. Mkorosho na muhogo asili yake ni upande ule wa dunia, Wareno ndio waliotuletea. Sisi tukashika korosho, bibo tukaliachia watoto na wapika gongo. Wao bibo ndilo tunda lenyewe, juisi yake iko kwenye kila mgahawa. Inakwaruza koo kidogo mwishoni, kama ujuavyo.

Mwisho wa gulio huwa kuna banda la pastel, na mara nyingi wenye banda ni watu wa asili ya Kijapani. Nilimtazama bibi mmoja akifanya kazi. Unga umesukumwa mwembamba kuliko chapati, anaukata pande la ukubwa wa daftari dogo, anaweka jibini, anakunja, anabana kingo kwa uma, anaachia kwenye mafuta. Inavimba palepale kama puto. Anaigeuza mara moja tu, anaisimamisha ichuruzike, anakukabidhi kwenye karatasi. Kosa la mgeni ni kuuma katikati. Ndani mna mvuke wa kutosha kukubabua midomo. Ng'ata kona, subiri ipumue. Iko ya nyama ya kusaga, ya kuku, na ya palmito, ambayo ni kile kiini laini cha kilele cha mti wa jamii ya mnazi. Kwetu Tanga mnazi ukianguka watoto hugombania kichilema. Basi ndicho hicho, wao wanakitia kwenye maandazi. Teremshia na juisi ya miwa yenye ndimu. Mashine ni ileile ya Forodhani, na kelele zilezile.

Ukitaka vya bei rahisi, nenda saa ya xepa, lile lisaa la mwisho ambapo wauzaji hawataki kurudi na mzigo. Sauti hupanda, bei hushuka. Nilinunua maembe sita kwa bei ya mawili, nusu yake yalikuwa yameiva kupita kiasi. Sikulalamika, nilijua nanunua nini.

Kuhusu pesa: wana mfumo wa kulipa kwa simu uitwao Pix, ulioanzishwa na benki kuu yao mwaka 2020. Sisi watu wa M-Pesa tunaulewa bila kufundishwa, hata muuza miwa ana karatasi yake ya kuskani. Shida ni kwamba unataka akaunti ya kule na namba ya mlipakodi, na mgeni hana. Tembea na kadi na noti ndogondogo.

Kuhusu simu yenyewe: usiitoe barabarani. Siku yangu ya kwanza nilisimama ukingoni mwa barabara nikitafuta njia kwenye ramani, mama mmoja wa kibanda cha magazeti akanipigia kelele, "Guarda o celular, moça!" Ficha simu, dada. Akanionyesha kwa kidole jinsi vijana wa baiskeli wanavyopita na kunyakua. Tangu hapo nikitaka ramani naingia dukani, naegemea ukuta, nasoma, nakariri, natoka. Metro ni salama na rahisi kuielewa, njia zake zina rangi na namba, ila jioni watu wakitoka kazini usijaribu kubadilisha treni kituo cha Sé kama una haraka au una mtoto. Na kama unakwenda kati ya Juni na Agosti, beba sweta. Mji uko juu, karibu mita 760 kutoka usawa wa bahari, na mimi niliyezoea joto la Tanga nilikuwa nalala na soksi.

Jambo moja la saa, kwa sisi wasema Kiswahili tu. Tofauti kati ya Dar na São Paulo ni saa sita kamili. Maana yake saa za ukutani za kule zinasoma saa yetu! Ukiona ukutani 8 asubuhi, Dar ni saa nane mchana. Mama akiniambia atapiga saa kumi, nilikuwa nangoja tu mshale ufike kwenye 10.

Jumapili ni ya Avenida Paulista. Barabara hufungwa kwa magari kuanzia asubuhi hadi alasiri, na ule mto wa mabasi unageuka wapiga ngoma, watoto wa baiskeli, wauza hereni, wazee wanaocheza dansi. Chini ya makumbusho ya MASP, jengo la mwaka 1968 lililochorwa na msanifu Lina Bo Bardi na kuning'inizwa juu ya uwazi wa mita 74 usio na nguzo katikati, nilikuta gulio la vitu vya kale. Ndani usikose ukumbi wa juu: michoro haijatundikwa ukutani, imesimamishwa kwenye vioo, unapita katikati yake kama unapita kwenye umati. Nilipokuwepo, Jumanne kuingia ilikuwa bure. Bustani ya Ibirapuera ni nzuri pia, lakini mimi ningekwenda hasa kwa ajili ya Museu Afro Brasil iliyomo humo, makumbusho ya Wabrazili wenye asili ya Afrika. Toa nusu siku.

Mtaa wa Liberdade nenda Jumamosi au Jumapili, kuna gulio la vyakula. Meli ya kwanza ya wahamiaji wa Kijapani ilitia nanga bandari ya Santos mwaka 1908, na mtaa huu ukaja kuwa wao: taa nyekundu, tambi za kukaanga, foleni ndefu. Kula, hakuna ubaya. Halafu kata kona uingie kichochoro cha Rua dos Aflitos. Mwisho wake kuna kanisa dogo limebanwa na majengo, masalio ya makaburi walikozikwa watumwa na maskini. Uwanja wa Liberdade wenyewe ulikuwa uwanja wa kitanzi. Mwaka 1821 alinyongwa hapo askari aitwaye Chaguinhas aliyedai mishahara, na inasimuliwa kuwa kamba ilikatika, watu wakapiga kelele "Liberdade!", uhuru. Watu bado wanakuja kumwombea na kumwomba, wanagonga mlango wa mbao mara tatu. Nilimkuta mwanamke mmoja amevaa sare ya usafi, akagonga, akanong'ona kidogo, akaondoka haraka kama anawahi basi. Mwaka 2018 kituo cha metro cha pale kiliongezewa jina la Japani. Wafu wa kichochoroni kituo hakiwataji, na mimi naona hilo si sawa.

Nilikuwa karibu kusahau República. Pale katikati ya mji ndipo utakapowaona Waafrika wa leo, Wakongo, Waangola, Wanigeria, na vitambaa vyao. Nilisimama kucheka kibao cha duka la mboga kilichoandikwa "Quitanda". Neno ni la Kibantu cha Angola, lilivuka na watumwa, na maana yake ni genge. Mimi nilikuwa nimeona kitanda. Nyuma yangu mtu akasema, "Dada, uko mutu wa wapi?" Wa Lubumbashi. Alikuwa amenisikia nikijisemea. Akanielekeza duka lenye unga, fubá kwa lugha ya kule, nalo ni neno la Angola vilevile, akasema ukiusonga vizuri unapata bukari (ndiyo ugali kwao) ya maana, ila ni wa njano na utauzoea tu.

Jumapili usiku ni pizza, mji mzima. Mchana ukiitaka utaisubiri sana. Nenda Bixiga, mtaa wa Waitaliano, ambao nao kabla yao ulikuwa na kijiji cha watumwa waliotoroka, Saracura. Agiza nusu kwa nusu, ladha mbili, wanakubali. Kula kwa kisu na uma. Na kama umezoea kumwagia pizza sosi ya nyanya, mwagia unapofika Rio. Pale mezani mimi nilimwagia, na mwenyeji wangu akaisogeza chupa upande wa pili bila kusema neno.