Patroni anataka tupekue kabila moja tu

Swali: Mimi ni mkubwa wa masentineli kwenye parkingi ya mabasi ya Likasi na Kolwezi, hapa Lubumbashi. Patroni anataka tupekue mizigo ya Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, peke yao, eti ndio wenye matata, na foleni itaenda mbio. Kwa ajili ya usalama, inaruhusiwa?

Jibu: Hairuhusiwi, papa. Kifungu cha 13 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinakataza ubaguzi wa kabila, na tangu 1966 kuna sheria inayoadhibu ukabila. Mwombe patroni aiandike amri hiyo na kuitia sahihi. Hataandika.

Kinachonichosha mimi ni sentineli anayejigamba: "Mkasai ninamjua kwa kumwangalia tu." Unamjua kwa nini? Kampuni ya migodi ya Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai tangu miaka ya 1920. Wajukuu wao wamezaliwa hapa Lubumbashi, kwenye komini za Kenya na Katuba, wengi hawajui hata salamu ya kijiji cha babu, na Kiswahili ndicho walichokua nacho. Ukishika jina, mama ni Mkasai, baba ni Mbemba: utampekua nusu? Halafu wapo wakufunzi wa siku mbili wanaouza cheti pamoja na somo la pua na matamshi. Wawarudishie watu pesa zao.

Uwanja wa ndege wa Lod, Israeli, Mei 1972: waliokuwa wakihofiwa ni Wapalestina. Wajapani watatu walishuka kwenye ndege, wakapokea mizigo yao, wakatoa bunduki ndani yake. Walikufa watu 26. London, 1986: mwanamke wa Ireland, mjamzito, anataka kupanda ndege ya El Al, shirika la Israeli. Kwa sura, nani angemshuku? Waliomkagua walimuuliza maswali, wakamwaga begi lake, na likiwa tupu bado lilikuwa zito. Chini palifichwa bomu aliloliweka mchumba wake, naye hana habari.

Basi kwako, kila mzigo usimame na mwenyewe. Fungua kila wa tano, awe nani awe nani, hata gunia la samaki makayabu linalonuka. Muulize kilichomo kabla ya kufungua, kisha unyanyue mzigo wewe mwenyewe: anasema nguo, mkono wako unasema chuma?

Na haya hayaishii parkingi. Sisi tuliokuwa hapa 1992 na 1993 tuliona jirani akimuuliza jirani asili yake. Muda si muda familia nzima za Wakasai waliofukuzwa zililala stesheni ya Likasi na masufuria yao, zikingoja treni ya Kasai, na watoto wao wakilia kwa Kiswahili.