Majaribio yanapita, kitufe cha Tuma hakiwaki

Swali: Fomu yangu ya usajili huwasha kitufe cha Tuma sehemu zote zikishajazwa, nasikiliza keyup (tukio la kuachia kitufe cha kibodi). Majaribio ya Selenium (programu inayoendesha kivinjari yenyewe) yanapita yote, ila wanaojaziwa na Chrome wanalalamika kitufe hakiwaki. Nimeshauriwa niweke autocomplete="off", amri ya kukataza kivinjari kisijaze. Niiweke?

Jibu: Usiiweke, ndugu. Ushauri huo nakutana nao kila mara na unanichosha. Kwenye sehemu za nywila vivinjari vikubwa huipuuza amri hiyo makusudi, na pale inapotiiwa unamwadhibu mtumiaji wa simu kwa kosa lililo kwenye msimbo wako. Mwongozo wa ufikivu wa wavuti, WCAG 2.1 wa mwaka 2018, unataka kinyume chake: sehemu ya jina, simu au barua pepe ijitambulishe ili iweze kujazwa.

Kivinjari kinapojaza hakibonyezi kibodi. Sikiliza input, tukio la sehemu kubadilika, na change iwe akiba. Kama una keydown (tukio la kubonyeza kitufe), jihadhari: Chrome ikijaza inaweza kurusha keydown isiyo na key, yaani jina la kitufe, na e.key.toLowerCase() ikafia hapo hapo.

Sasa majaribio yako. sendKeys ya Selenium huandika herufi moja moja, kwa hiyo keyup haikosekani kamwe. Ulichopima ni uandikaji. Wapo wanaoita dispatchEvent, ya kurusha tukio kwa msimbo, wenyewe kisha wakatangaza kwamba wamejaribu ujazaji. Wamethibitisha tu kwamba tukio walilolirusha limefika, tena isTrusted yake (alama ya tukio halisi la kivinjari) ni false. Isitoshe, Selenium kwa kawaida hufungua wasifu mtupu, usio na anwani wala nywila ya kujazia.

Fungua Chrome kwa mkono, hifadhi anwani ya kubuni kwenye mipangilio, weka console.log (ikuandikie kila tukio) kwenye keydown, input na change, kisha chagua pendekezo. Kabla ya kubofya, pitisha kipanya juu yake: maandishi yanaonekana kwenye sehemu, lakini ukisoma value, yaani thamani ambayo msimbo unaiona, ni tupu. Rudia kwenye Firefox na kwenye simu.

Wanaouza dawa ya setInterval, ya kukagua value kila nusu sekunde, ndio wanaowapoteza wengi. Nywila iliyohifadhiwa, Chrome inaweza kuionyesha mara ukurasa unapofunguka huku value ikibaki tupu mpaka mtumiaji aguse ukurasa. Kagua utakavyo, hutaiona. Na kitufe kilichozimwa kitamzuia mtu ambaye kwa macho yake fomu imejaa. Kiache kikiwaka, ukague sehemu zote anapotuma.