Ramani ya PDF Bado Si Data Iliyofunguliwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtumishi wa idara ya serikali inayotunza ramani za barabara, mito na mipaka ya utawala. Tumeziweka zote kwenye tovuti yetu zikiwa faili za PDF, na wakubwa wangu wanaona kazi ya kufungua data, yaani kuiweka huru kwa kila mtu kuitumia, imekwisha. Mtaalamu mmoja anasisitiza kwamba tunahitaji huduma za data zinazofuata viwango. Je, gharama hiyo ina haja?

JIBU: Ndugu msomaji, haja ipo, na inaonekana vizuri zaidi kwa yule mnayemhudumia. Mhandisi anayepanga daraja akipakua PDF yenu atauona mto, lakini kwa programu yake ule ni mchoro tu, kwa hiyo atakaa siku nzima akiufuatisha kwa mkono ili aweze kuupima. Mkiusahihisha mto huo mwezi ujao, yeye ataendelea kutumia ule wa zamani bila kujua.

Katika huduma ya data, data hubaki kwenye seva yenu, na programu ya mhandisi huiomba kupitia intaneti kila inapoihitaji. Lugha ya maombi hayo imekwisha kukubaliwa chini ya Open Geospatial Consortium, shirika lililoanzishwa mwaka 1994. Kiwango chake cha WMS (Web Map Service), cha mwaka 2000, hurudisha picha ya eneo lililoombwa. WFS (Web Feature Service), kilichofuata mwaka 2002, hurudisha mto wenyewe, pamoja na jina lake na kila nukta ya mkondo wake. OGC API – Features ya mwaka 2019 hufanya kazi ya WFS kwa njia waliyoizoea watengenezaji wa tovuti, na mimi ningeanzia hapo. QGIS, programu isiyolipiwa, inazisoma zote tatu.

Jambo moja lijaribuni kabla ya kutangaza chochote. Kwa mfumo uleule wa EPSG:4326, yaani ule wa kutaja mahali kwa latitudo na longitudo, WMS toleo la 1.1.1 hutanguliza longitudo, ilhali toleo la 1.3.0 hutanguliza latitudo. Nukta iliyoko latitudo 10 kaskazini na longitudo 40 mashariki, ndani ya Ethiopia, ikigeuzwa itaangukia baharini karibu na kisiwa cha Sardinia. Nimeona watu wenye uzoefu wakihangaika na kosa hili kwa saa nyingi.

Faili za kupakua zisiondolewe, ila ziwe za data badala ya michoro. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023/138 inataka data muhimu za kijiografia zitolewe bure, chini ya leseni huria, kwa huduma na kwa kupakuliwa kwa mkupuo pia. Leseni isipoandikwa, mtumiaji mwangalifu hatazigusa kabisa.

Kuhusu gharama, wakumbusheni wakubwa wenu habari ya picha za setilaiti za Landsat: zilipokuwa zikiuzwa, mwaka wa mauzo makubwa kabisa zilitoka kama 25,000, lakini Marekani ilipozifungua mwaka 2008, zaidi ya milioni moja zilipakuliwa katika mwaka wa kwanza kamili.

Anzeni na mipaka ya utawala, kwa kuwa ndiyo ambayo idara nyingine zote huambatanisha nayo takwimu zao. Kwenye metadata, yaani maelezo yanayoambatana na data, andikeni tarehe ya marekebisho ya mwisho na anwani ya kupokea taarifa za makosa, nayo iwe ya ofisi, isiwe ya mtumishi anayeweza kuhamishwa kesho.