Windows XP ndani ya kompyuta mpya

Kaka wa Ngamiani, umeuliza kama programu yako ya hesabu za duka, ile inayokubali Windows XP peke yake, inaweza kufanya kazi kwenye laptopu mpya. Inaweza, na usiifute Windows uliyonayo. Pakua VirtualBox, ni ya bure, utengeneze mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta. XP haina makuu: memori ya megabaiti 512 inatosha, diski gigabaiti 10.

Hapo kwenye diski ndipo wengi tunapokwama. VirtualBox itakuuliza diski iunganishwe kwa njia gani: chagua IDE (njia ya zamani), siyo SATA (njia mpya zaidi). XP ni ya mwaka 2001 na CD yake ya kusimika haina draiva (programu za kuwasiliana na kifaa) za SATA za aina hiyo, kwa hiyo utakutana na skrini ya buluu hata hujaanza. Mimi jioni nzima ilinipotea hivyo, kahawa ikapoa, kumbe ni kubadili sehemu moja tu.

Mashine ikigoma kabisa kuwaka, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya laptopu inayofunguka kabla Windows haijawaka, uwashe VT-x, uwezo wa prosesa kuendesha mashine pepe (kwa AMD inaitwa AMD-V).

Intaneti izime humo ndani. Microsoft waliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, na hesabu za duka hazihitaji mtandao hata hivyo. Mafaili hamisha kwa flashi. Ukishamaliza kusimika, piga snapshoti, yaani hifadhi hali ya mashine pepe ilivyo wakati huo, kabla hujagusa kitu. Ukiharibu, unarudi pale pale kwa dakika moja.

Printa yako ni ya USB au ile ya waya mpana wa zamani? Ya USB haisumbui sana. Hiyo nyingine, shughuli ipo.