Kunguru Aliyekaushwa na Mshumaa Uliozimika

Swali: Mheshimiwa Mhariri, niliona picha ya kunguru aliyekaushwa, amewekwa kando ya fuvu na mshumaa uliozimika. Je, hiyo ni sanaa au ni kuchezea mizoga?

Jibu: Ni sanaa, ndugu msomaji, na asili yake ni ya zamani. Katika karne ya 17 wachoraji wa Uholanzi, hasa wa mji wa Leiden, walichora mafuvu, saa za mchanga na maua yanayonyauka, wakikumbusha maneno ya Mhubiri katika Biblia, "Ubatili mtupu". Ndiyo maana michoro hiyo huitwa vanitas, neno la Kilatini lenye maana hiyohiyo. Mpigapicha wa leo huiga mpangilio huo, pamoja na mwanga wa upande mmoja na giza la nyuma. Hata hivyo, kunguru wako ana ujanja wake: ua huoza, ilhali yeye amezuiwa kuoza, kwa kuwa ngozi na manyoya ni yake lakini mwili wa ndani ni wa bandia. Mtazame jichoni, ambalo ni la kioo, na pengine utaona dirisha la studio liking'aa humo. La kuhoji, kwa maoni yangu, ni namna mnyama alivyokufa.