Rivyu za TV, nani wa kumwamini?

SWALI: Habari za kazi. Nataka kununua smart TV inchi 43, nimejichanga nina kama laki nane. Nimesoma rivyu mpaka nimechoka, huyu anasema picha kali sana, yule anasema takataka, na ni TV ileile! Wa YouTube ndo usiseme, wote wanasifia. Nimwamini nani? Mama Wawili, Tabata

JIBU: Nzuri dada yangu. Hao wawili unaweza kukuta wote wanasema kweli. Kampuni zinatengeneza TV yenye jina moja lakini ndani kioo sio kimoja, huyu kapata paneli ya IPS yule kapata ya VA. Ya VA nyeusi yake ni nyeusi kwelikweli, ukiangalia muvi usiku taa zimezimwa unafurahi, ila ukikaa pembeni ya sebule rangi zinapauka. IPS ni kinyume chake, pembeni unaona vizuri lakini usiku ile nyeusi inakuwa kama kijivu. Sasa mtu anayekaa peke yake kwenye kochi la mbele, na mwenye familia ya watu saba waliozunguka sebule nzima, hawawezi kuandika kitu kimoja.

Halafu angalia tarehe. Wengi wa nyota tano wameandika wiki ileile walipofungua boksi, bado harufu ya plastiki haijatoka, wanachosifia hapo ni furaha ya kitu kipya. TV nyingi tunazopeleka kwa fundi zimekufa taa za nyuma ya kioo, sauti ipo picha hakuna, na hilo halitokei wiki ya kwanza. Kwa hiyo mimi nakushauri ruka nyota tano, ruka pia nyota moja za watu waliokasirika boksi limechelewa kufika, soma za nyota mbili na tatu zilizoandikwa na mtu aliyekaa na TV mwaka mzima. Huyo ndo atakwambia programu zilianza kuganda lini.

Hawa wa YouTube, wengi TV wamepewa na kampuni, wengine wanapata kamisheni ukinunua kupitia linki yao. Sisemi wote ni waongo, ila mtu aliyepewa kitu bure anakiponda kwa shida. Na rivyu za kununua zipo, Marekani walitoa kanuni mwaka 2024 kupiga marufuku kuuza na kununua rivyu feki, wasingehangaika nayo kama biashara yenyewe isingekuwepo. Hata vipimo vya mashine vinachezewa. Mwaka 2022 wapimaji waligundua TV za Samsung, S95B na QN95B, zinajua zinapopimwa! Kuna kiboksi cheupe kinachochukua asilimia 10 ya kioo ambacho wapimaji wengi wanakitumia, TV ikikiona inabadilisha mwanga na rangi, wakibadilisha ukubwa wa kiboksi kidogo tu majibu yanakuwa mengine. Samsung wakaahidi kurekebisha kwa programu mpya. Na hizo ni TV za bei kubwa, sio hizi zetu.

Ninaowaamini mimi ni wanaonunua TV dukani kwa hela yao kama wewe halafu wanaipima, mfano tovuti ya Rtings ya Canada. Ila hapa kuwa makini, wanapima TV za soko la kule. Samsung ya kawaida ya kwao namba ya modeli inaanza na UN, ya kwetu inaanza na UA, na ndani zinaweza kutofautiana. Kwa hiyo soma namba yote mpaka herufi ya mwisho, usiishie kwenye jina.

Kisha nenda Kariakoo mwenyewe, tena beba futi ya fundi cherehani. Pima kioo kona mpaka kona bila fremu, inchi 43 iwe kama sentimita 108 au 109. Ukikuta 101 au 102 hiyo ni inchi 40 imeandikwa 43, irudishe hapohapo wala usibishane. Mwambie muuzaji atoe ile setingi ya rangi kali za dukani, aweke ya kawaida, halafu chomeka flashi yako yenye video unayoijua, mpira ni mzuri sana maana utaona kama mpira unaacha mkia. Simama pembeni uangalie. Weka picha nyeupe tupu utafute madoa. Kisha shika rimoti, fungua YouTube, toka, fungua kingine, rudi, ikianza kukwama ikiwa mpya dukani na nyumbani itakuwaje? Nyingi zenye RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) ya GB 1 ndo zinakuwa hivyo.

Netflix pia uliza, na usiridhike na kuambiwa ipo. Kuna TV zinajiita smart lakini Netflix hawajaziidhinisha, wauzaji wanaipachika tu, na hapo hata kioo kikiwa cha 4K, yaani cha picha kali kabisa, picha inaweza kukuletea ya 480, ukungu mtupu. Na kama unatumia bando usiumie kichwa na 4K, Netflix ya 4K inakula mpaka GB 7 kwa saa, HD ni kama GB 3. Neno HDR, yaani picha yenye mwanga mkali na giza zito zaidi, kwa bei hiyo lisikuongezee hata shilingi, maana yake ni kwamba TV inaipokea tu, mwanga wa kuionyesha haina.

Dai risiti ya EFD, hakikisha serial namba ya kwenye boksi na ya nyuma ya TV zinafanana, na waranti iandikwe kwa maandishi. Kwenye laki nane yako bakiza ya TV guard, umeme wetu unaujua.

SWALI: Shikamoo. Mjomba wangu yuko Houston anataka kunitumia TV kwenye kontena, anasema bei ya kule ni chee na rivyu zake ni nzuri sana. Nikubali? Kijana wa Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Rivyu zinaweza kuwa za kweli kabisa na TV bado ikakusumbua. Ya Marekani inapokea matangazo ya mfumo wa ATSC, huku kwetu ni DVB-T2, kwa hiyo ukichomeka antena moja kwa moja hupati chaneli hata moja, itabidi utumie king'amuzi kwa HDMI. Umeme ndo kikubwa zaidi. Mwambie mjomba kabla hajalipa apige picha kile kibandiko cha nyuma akutumie WhatsApp, kikisema volti 100 mpaka 240 sawa, kikisema 120 peke yake mwambie aiache dukani. Na waranti inabaki hukohuko Marekani, kioo kikipasuka njiani ni hasara yenu.